Pumba Zisiuzwe kwa Bei ya Mchele

Mfanyakazi wa leo hupokea habari nyingi kwa simu iliyo mkononi mwake, na kila ukurasa wa tovuti anaoufungua kwa bando lake huulipia kwa jasho lake. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: je, analipia habari, au analipia mapambo?

Maneno yote ya tahariri hii, yakiwekwa katika kompyuta, hayafiki kilobaiti 3. Lakini kurasa za tovuti siku hizi mara nyingi huzidi megabaiti 2. Yaani mtu atakaye maneno machache kama haya aweza kutozwa uzito unaozidi mara mia sita. Ziada hiyo ni picha, matangazo ya biashara, na programu ndogo ndogo zinazompeleleza msomaji. Hizo ndizo pumba.

Ungo wa kuzipepeta upo. Mwaka 2004 Mmarekani John Gruber, akisaidiwa na kijana Aaron Swartz, alitoa namna ya kuandika iitwayo Markdown: kichwa cha habari huonyeshwa kwa alama ya reli, na neno la mkazo kwa nyota. Swartz akaandika programu ya html2text, inayopokea ukurasa wa tovuti na kuurudisha katika maandishi hayo mepesi. Mwaka 2006 John MacFarlane, mwalimu wa falsafa, akaanzisha Pandoc, inayofanya kazi ya namna hiyo. Zote zilitolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuzirekebisha. Basi vijana wetu wa kompyuta hawana sababu ya kungoja kampuni kubwa.

Lakini kazi hii yataka uangalifu. Kwanza, kupepeta kufanyike katika kompyuta ya mtoaji, kabla ya mzigo kufika kwenye simu. Ukishafika, bei imekwisha lipwa. Pili, majedwali yalindwe. Tarakimu za mishahara zikihama safu, mfanyakazi atasoma haki ya mwenzake akidhani ni yake. Tatu, picha yenye maana iachiwe maelezo, kwani maandishi haya humfaa pia ndugu yetu asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti.

Wako watakaosema kwamba matangazo ya biashara ndiyo yanayolisha tovuti. Hilo ni kweli kwa mfanyabiashara, nasi hatumkatazi. Lakini tangazo la kima cha chini cha mshahara, la ajira au la dawa si bidhaa ya dukani.

Kwa hiyo twazitaka idara za umma, vyama vya wafanyakazi, na sisi wenyewe wenye magazeti, tutoe kila tangazo la haki za watu kwa maandishi matupu pia. Ndugu wanachama, lidaini jambo hili katika mikutano yenu. Mlango wa haki usitozwe ushuru wa mapambo.