JIWE LA BOMU LILITOKA WAPI?

Wengi wetu tunapenda sinema za wapelelezi za Waingereza, zile za zamani za rangi nyeusi na nyeupe. Nyingi zilitengenezwa kwa fedha kidogo: mvua, barabara za London, mtu mwenye koti refu na mfuko mkononi. Hata hivyo zinashika moyo mpaka mwisho. Kuzipenda si kosa. Lakini tuzitazame kwa akili.

Chukueni moja ya mwaka 1950, Seven Days to Noon, ya ndugu wawili, John na Roy Boulting. Profesa wa elimu ya atomi anaiba bomu, analitia mfukoni, anamwandikia Waziri Mkuu: acheni kutengeneza silaha hizi, ama Jumapili saa sita mchana nitaangamiza London. Polisi wanamtafuta. Watu wanahamishwa, mji unabaki mtupu. Wote wanauliza neno moja: bomu liko wapi?

Hakuna anayeuliza: jiwe lake lilitoka wapi?

Inchi yetu inajua habari ya mawe hayo. Bomu lililopigwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, sehemu kubwa ya uranium yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Mwaka 1940 kampuni ya Union Minière ilipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Wakati wa vita Wamarekani walituma wapelelezi wa kweli hapa Kongo, kusudi Wajerumani wasiyapate. Hiyo haikuwa sinema. Na aliyechimba hakuambiwa jiwe lile ni la kazi gani.

Mtu atasema: sinema ni mchezo tu. Ndiyo, ni mchezo. Lakini mtoto anayeona kila mara mwenye koti akiokoa dunia, wala hamwoni baba yake mwenye sururu hata mara moja, atafikiri baba yake hakufanya neno lolote.

Wachimbaji wa bati wa Kalima, nanyi watu wa reli na wa bandari ya Kindu, habari za sinema mnazo. Waingereza wale walitumia barabara zao wenyewe. Vijana wetu leo wana telefone zinazopiga picha. Wakae na wazee, wawaulize: mzigo ulikwenda wapi, nani aliupima, nani alilipwa? Waanze sasa, wazee wangali hai.