Chukua Teksi, Lete Risiti

Kuna sentensi moja ninayoichukia kuliko zote zinazoandikwa na mashirika. Si "ufadhili umekwisha", hiyo tumeshaizoea. Ni hii: "Ukifika uwanja wa ndege, chukua teksi hadi hotelini, tunza risiti, utarudishiwa pesa yako." Inakaa chini kabisa ya barua ya mwaliko, baada ya ratiba na maneno matamu kuhusu sauti ya vijana. Aliyeiandika anadhani ni jambo dogo la usafiri. Mimi ninayefanya kazi na vijana hapa Nakivale nasema ndiyo inayoamua nani ataongea kwenye mkutano na nani atabaki nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Huku Uganda teksi ni ile gari ya abiria kumi na wanne, yenye kondakta anayepiga kelele mlangoni. Kwetu Bukavu na Goma, teksi unaipanda pamoja na wengine, kila mtu analipa nafasi yake. Kwa hiyo kijana wa Juru au Rubondo akisoma "chukua teksi", anapiga hesabu ya kiti kimoja. Anatua Jomo Kenyatta, Nairobi, saa tatu usiku, anatajiwa bei ya gari zima, tena kwa shilingi ya Kenya, ambayo moja tu inazidi ishirini za Uganda. Hapo utamlaumu nani? Barua haikusema bei ya haki ni ipi. Haikusema hata hoteli iko mtaa gani, ilitaja jina tu, na hoteli zenye majina ya kufanana Nairobi ni nyingi.

Safari hiyo mimi nimeifanya mara mbili. Mara ya kwanza, dereva mmoja alitaja 4,500 na mwenzake aliyesimama hatua mbili pembeni akataja 3,000, na wote ni Westlands ileile. Nikapanda ya 3,000. Tulipotoka getini dereva akauliza, "Tupite juu au chini?" Juu maana yake ni ile Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na inalipiwa. Chini ni Mombasa Road na foleni yake. Tukapita juu, na ile pesa ya barabara ikatoka mfukoni mwangu. Kufika hotelini nikaomba risiti. Dereva akatoa kitabu kidogo, akaandika kwa kalamu, akachana karatasi, akanipa. Ndivyo wanavyofanya wengi wao.

Mtu wa fedha kwenye shirika lile alikubali risiti ya barabara kwa sababu imechapwa na mashine. Ya dereva, ambayo ndiyo ilikuwa pesa nyingi, akaikataa: haina muhuri, haina namba ya kodi. Eti ningetumia programu ya simu. Sawa, programu ya simu inataka intaneti, inataka laini inayoshika, na dereva wake atakupigia kwanza akuulize umesimama mlango gani. Laini yangu ya Uganda haikuwa na salio la kupokea maswali hayo. Bado sijataja simu za vijana wetu zinazozima saa kumi na moja jioni kwa sababu betri imekufa.

Na ile pesa ya kwanza inatoka wapi? Mwaka 2023 mgao wa chakula uligawanywa kwa makundi, na kuna familia zilizotolewa kabisa. Hakuna kijana hapa mwenye shilingi laki moja ya Uganda iliyolala tu. Anaenda kwenye kikundi cha akiba. Kikundi chetu kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Shirika likichelewa kurudisha miezi miwili, na huwa linachelewa, riba ni ya kijana. Semeni basi ukweli: mkimbizi ndiye anayelikopesha shirika, na riba analipa yeye.

Lakini pesa si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni nani haendi kabisa. Kuna binti kwenye kikundi chetu cha mijadala, anaongea vizuri kuliko mimi, kuliko wavulana wote. Nilimpendekeza. Mama yake akaomba asomewe barua mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Nani atampokea?" Nikatafuta jibu kwenye barua, halipo. Mama akasema, mwanangu hatapanda gari ya mwanaume asiyemjua usiku kwenye mji asioujua. Nani atamwambia mama yule amekosea? Amekimbia vita na watoto, anajua barabara ya usiku ni nini.

Nafasi ya binti ikachukuliwa na kijana mwenye shangazi Kayole. Si kwamba yeye ni mbaya. Ana shangazi, basi. Atapokelewa, atalala, atakopeshwa. Ndiyo maana kila mkutano mnawaona vijana walewale watano, kisha mnaandika kwenye ripoti kwamba wasichana "hawajitokezi". Wanajitokeza. Ni gari tu haliwafikii.

Najua majibu ya ofisini, nimeyasikia. La kwanza: sera hairuhusu kutoa pesa kabla ya safari. Sera iliandikwa na watu, si mlima. La pili: sheria ni moja kwa washiriki wote. Hapana, si moja. Pale milango ya wanaofika nimewaona madereva wameshika karatasi zenye majina ya wageni wa mashirika, wenye kadi za benki na mishahara. Wafanyakazi wenu wengi mnawakataza kupanda gari lolote la barabarani kwa ajili ya usalama. Kama si salama kwa mwenye bima, imekuwaje salama kwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi? Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Jibu la tatu ndilo linaloniuma: vijana wanaleta risiti za uongo. Ni kweli, wapo. Simtetei anayeandika 5,000 wakati amelipa 2,000, anatuharibia sote. Ila dawa yake si kumkatalia aliyelipa kweli. Shirika likilipa gari lenyewe, hakuna risiti ya kudanganya. Mmeona ilivyo rahisi?

Na madereva nisiwafanye maadui. Mtu amekaa pale saa sita akingoja abiria, analipa maegesho na mafuta, usiku ana familia. Atataja bei anayoona utaikubali. Adui hapa ni barua inayomtuma mgeni akiwa kipofu.

Kwa hiyo nasema wazi, na wazazi waniunge mkono. Kwanza, shirika likodishe gari kabla, au liagize gari la hoteli, na jina na namba ya dereva vimfikie kijana kabla hajaondoka Base Camp. Pili, kama haiwezekani, pesa ya gari itumwe kwenye simu yake kabla ya safari, na risiti ya mkono ikubaliwe. Tatu, barua iandikwe kwa Kiswahili kizima: hoteli iko mtaa gani, bei ya kawaida ni kiasi gani, ni nani wa kumpigia ndege ikichelewa. Nne, msichana akialikwa, apokelewe na mwanamke ndani ya uwanja, au wasafiri wawili.

Na ninyi vijana wenzangu, acheni kujibu "asante sana, nitakuja" ndani ya dakika mbili kwa kuogopa nafasi isipotee. Ulizeni kwa maandishi: nani atanipokea? Tukiuliza watu arobaini, hawatasema huyu mmoja ni msumbufu. Na kuanzia sasa, mimi sipeleki jina la kijana yeyote kwenye mkutano ambao barua yake haijajibu swali la mama yule.