Jina la Muuaji na Majina ya Waliouawa

Jua likichwa, katika mtaa wa Whitechapel, mashariki ya mji wa London, hukusanyika watu waliolipa fedha ili watembezwe vichochoroni. Kiongozi hutangulia, hushusha sauti, hunyosha kidole penye giza, na watu husisimkwa mwili. Bidhaa inayouzwa hapo ni hofu. Mwaka 1888, zama za Malkia Victoria, wanawake watano waliuawa katika mtaa huo na jirani yake, na muuaji hajajulikana mpaka leo. Watu humwita Jack the Ripper, yaani Jack Mpasuaji. Jina hilo lilitoka katika barua iliyopelekwa kwa shirika la habari mwezi wa Septemba mwaka huo, na baadhi ya maofisa wa polisi waliamini kuwa aliyeiandika ni mtu wa magazeti. Basi yawezekana kabisa kuwa jina lenyewe lilizaliwa sokoni.

Msomaji, nakuuliza swali moja. Jina la muuaji yamkini ulikwisha kulisikia. Je, wayajua majina ya waliouawa? Ni Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Nichols alikuwa mama wa watoto watano. Stride alizaliwa Uswidi. Eddowes alikuwa ametoka kufanya kibarua cha mavuno katika mashamba ya Kent. Usiku wake wa mwisho, Nichols alifukuzwa katika nyumba ya kulala wageni kwa kuwa alikosa peni nne za kitanda. Siku nane baadaye Chapman naye alitolewa nje kwa sababu iyo hiyo. Hiki ndicho kitendawili kinachostahili kuteguliwa: mji uliokuwa kitovu cha dola kubwa uliwezaje kumtupa mama gizani kwa peni nne?

Watetezi wa matembezi hayo husema kuwa historia haifichwi, na kwamba waliokufa walikufa zamani. Neno la kwanza nalikubali; la pili nalikataa, maana heshima ya maiti haina muda wa kwisha. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kama aliyeanguka pale angalikuwa bibi yako, ungalitoa fedha ili usikie kifo chake kikifanywa mchezo? Wako viongozi wanaowataja wanawake hao kwa heshima, nao wastahili shukrani. Lakini biashara iliyoandika jina la muuaji juu ya bango lake imekwisha chagua upande wake.

Wala isisemwe kuwa mambo hayabadiliki. Mwaka 1976 baa moja ya mtaa huo, Ten Bells, ilipewa jina la muuaji. Watu walilalamika, na mwaka 1988 jina la kale likarudishwa. Historia haikupotea kwa ajili hiyo. Iliyopungua ni aibu.

Kwa hiyo, msomaji, usomapo habari ya mauaji popote duniani, usianze kwa kuuliza ni nani aliyeua. Uliza kwanza aliyekufa alikuwa nani, na ni shida gani iliyomtoa nje usiku ule. Swali la kwanza huenda lisipate jibu kamwe. La pili lina jibu, nalo hutudai sisi tulio hai.