Kijibwa Kikiuma Tunacheka, Jibwa Likiuma Tunashika Panga

Leo sitaongelea mbolea ya kupandia wala viwavijeshi. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu mbwa na nikawa nakwepa, maana bwana mifugo akianza kuongelea mbwa watu wanadhani kazi zimemwishia. Ila mwezi uliopita nimekaa kwenye benchi la hospitali na mtoto wa jirani aliyeumwa na mbwa wangu mwenyewe. Sina tena pa kukwepea.

Mbwa mwenyewe ni kijibwa tu, hakifiki hata magotini. Nilipewa na rafiki yangu kule Mafinga, nikakileta Mbeya kwa basi ndani ya boksi la sabuni. Watoto wakakiita Simba, si unajua watoto. Kilipokuwa kidogo kilikuwa kinashika pindo la kanga ya mama watoto na kulivuta, sisi tunacheka. Kikaanza kubwekea kila anayepita njiani, tukasema kina akili. Kikaanza kukimbilia visigino vya wageni. Mgeni akiruka, tunacheka tena na kumwambia, "Usiogope, hicho hakina lolote."

Siku hiyo binti wa jirani, wa miaka tisa, alileta maziwa asubuhi kama kawaida. Akapita karibu na bakuli la chakula cha Simba. Kikamrukia na kumuuma mkononi. Vidonda vyenyewe viwili vidogo, mtu angeweza kusema amechomwa na mwiba. Nikaenda mbio kuchukua sabuni, na hapo kwenye bomba ndipo nilipokumbuka kwamba kijibwa changu hakijawahi kuchanjwa. Nilishapita vijijini na boksi la chanjo nikichanja mbwa wa watu, wa kwangu nikasema nitamchanja kesho. Kesho hiyo ilikuwa imefikisha miezi saba.

Jioni baba wa binti akaja. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bwana mifugo, angekuwa mbwa mkubwa saa hizi ningeshamkata panga. Ila hicho kijibwa, hata panga naona aibu kukishikia."

Maneno yale yamenikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu yamesema ukweli wote. Jibwa likiuma, mtaa mzima unatoka na fimbo, mwenyekiti anaitwa, mwenye mbwa analipa. Kijibwa kikiuma, watu wanacheka na mtoto anaambiwa anadeka. Tabia ni ileile, meno ni yaleyale, na ugonjwa unaoweza kuwa kwenye mate yale haupimwi kwa urefu wa miguu.

Kosa ni letu

Maoni yangu ni haya: hakuna kijibwa kinachozaliwa kikorofi. Tunakilea kiwe kikorofi, halafu tunakipiga kwa kuwa kikorofi. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Nikizunguka kwa wafugaji, kuanzia Uyole na Mbalizi mpaka Ilula na Kilolo, naona makosa yaleyale.

La kwanza ni kuchukua mtoto wa mbwa mapema mno. Anaondolewa kwa mama yake ana wiki nne au tano kwa sababu "ameshaanza kula ugali". Akae angalau wiki nane. Kwenye kuchezeana na ndugu zake ndipo anapojifunza kwamba akiuma kwa nguvu mwenzake analia na mchezo unaisha. Ukimtoa kabla hajajifunza, somo hilo atakuja kujifunzia kwenye mikono ya watoto wako.

La pili ni kumfungia asione watu. Kuanzia wiki ya tatu hivi mpaka miezi mitatu, ubongo wa mbwa unajifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Mbwa ambaye umri huo hajawahi kuona bodaboda, mtoto mwenye sare, mzee mwenye fimbo wala mama mwenye ndoo kichwani, akikua ataona kila mmoja wao ni adui. Ukali mwingi wa vijibwa ni woga. Kila kiumbe kinachopita ni kikubwa kuliko chenyewe, na kimegundua kuwa kikiuma kwanza kile kikubwa kinaondoka.

La tatu ni mnyororo wa mita moja kutwa nzima. Hapo mbwa hawezi kukimbia anachokiogopa, kilichobaki ni kuuma. Ukifika jioni kumfungua unapata mnyama mwenye hasira za siku nzima, halafu unashangaa amekula vifaranga.

La nne ni kipigo. Mzee anarudi kutoka kwenye ulanzi, kijibwa kinambwekea, anakipiga teke. Kesho yake kinaumwa na mbavu na kimejifunza jambo moja tu, kwamba mguu wa mtu ni hatari. Kitu cha kwanza kitakachoumwa siku nyingine ni mguu. Wengine wanampa mbwa pilipili "awe mkali". Jamani, pilipili inamuunguza tumbo tu. Hata sheria ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mbwa ni mnyama.

La tano, na ndilo langu, ni kucheka. Mbwa anafuata faida. Akivuta kanga na watu wakamcheka na kumshika, amelipwa. Kesho atavuta tena kwa nguvu zaidi.

"Mbwa mpole hawezi kulinda"

Najua wapo watakaoniambia hivyo, na hoja yao naielewa. Huku kwetu wezi wa kuku na wa ng'ombe wapo, na kijibwa ni mlinzi wa bei nafuu. Kinakula kidogo, kinalala jikoni karibu na majivu baridi ya Mufindi ikikaza, na masikio yake yanasikia kabla ya jibwa lililolala.

Lakini fikiria kengele inayolia kutwa nzima. Nani ataamka ikilia saa nane usiku? Mbwa anayebwekea kila kitu halindi chochote, maana mwenyewe umeshazoea kumpuuza. Mbwa anayelinda ni yule anayenyamaza ukimwambia, ili siku akikataa kunyamaza ujue kuna jambo. Tena mwizi akija na kipande cha nyama, huyo huyo anayeuma watoto wa jirani ndiye atakayemlamba mikono.

Na hasara za shambani usizisahau. Ng'ombe wa maziwa anayesumbuliwa na kijibwa kinachomng'ata miguu wakati wa kukamua anazuia maziwa. Mayai yanaliwa, vifaranga vinapungua, na mteja wa maziwa anatafuta nyumba isiyo na kelele.

Ufanyeje sasa

Kama kijibwa bado ni kidogo, kikikung'ata toa sauti fupi ya maumivu, acha kucheza, geuka uondoke. Usicheke, usipige. Kikitulia rudi. Familia nzima ifanye hivyo hivyo, maana baba akikataza na watoto wakachekelea hakuna somo.

Kama kimeshakua na ni kikorofi, anza na chakula. Kabla ya kuweka bakuli kisubiri kikae. Kikiruka bakuli linarudi juu, kikitulia linashuka. Weka bakuli mbali na njia wanayopita watu, na watoto wafundishwe kutomsogelea mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha.

Mgeni akija, kifunge au kiingize bandani kabla hajafika mlangoni. Wageni wakipita mara kadhaa bila vurugu, kipe chakula kidogo mgeni akiwa mbali, siku nyingine akiwa karibu zaidi. Inachukua wiki kadhaa, siyo siku moja. Kwangu tunaendelea nalo, na sasa bodaboda inapita bila kelele.

Kama lazima kifungwe, tumia kamba ndefu inayoteleza kwenye waya uliotandazwa uani ili kiweze kutembea, na kiwe na kivuli na maji. Dume lisilo la mbegu lihasiwe na mtaalamu. Kuzurura na kupigana vinapungua, ingawa malezi mabaya hayaondolewi na kisu.

Kichaa hakichagui ukubwa

Sasa hapa ndipo kicheko kinapoisha. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi Asia na Afrika, na karibu wote wanakipata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla dalili hazijaanza, chanjo inaokoa. Hili si jipya: Julai 1885 Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, akapona. Umri uleule wa binti wa jirani yangu.

Kwa hiyo mtu akiumwa, hata kama ni mchubuko tu, fanya haya. Osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Usiweke majivu, pilipili, wala dawa ya kienyeji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona mbwa atakuwaje, na umalize sindano zote ulizopangiwa. Mtoto aliyeumwa usoni, kichwani au mkononi asicheleweshwe hata kidogo.

Mbwa kama anakamatika bila hatari, mfungie siku 10 na umjulishe afisa mifugo. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, hakuwa na kichaa siku alipouma. Simba alimaliza zake, na siku ya kumi na moja nikamchanja. Ukimuua na kumtupa, unatupa na jibu.

Na hili tafadhali lisome mara mbili: ukiona mbwa taya limelegea, mate yanamtoka na hawezi kumeza, usiingize mkono kutafuta mfupa. Wengi wanadhani amekwamwa, kumbe ni kichaa. Hata ng'ombe hupata. Akianza kulia ovyo na kutoa mate, mkono wako usiingie kinywani mwake. Ita mtaalamu.

Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tukifikisha mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia. Pemba wameonyesha. Walichanja mpaka kichaa kikatoweka, mwaka 2016 kikarudi kikitoka nje ya kisiwa, wakachanja tena na kufikia 2018 kikatoweka tena. Nikisoma habari hiyo nakumbuka boksi langu la sabuni ndani ya basi. Jibwa halisafiri chini ya siti. Kijibwa kinasafiri, na hakuna anayeuliza cheti.

Ndugu zangu wa Idodi na Pawaga, mnaopakana na Hifadhi ya Ruaha, kwenu kuna jambo la ziada. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, unaoitwa distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kijibwa kinachozurura porini kinaweza kuleta ugonjwa nyumbani, na kinaweza kuupeleka porini.

Ninachopendekeza

Serikali zetu za vijiji na mitaa zina daftari la wakazi, na wengine wana sheria ndogo za mifugo. Napendekeza kila mbwa aandikwe, mdogo kwa mkubwa, na tarehe ya chanjo. Napendekeza pia mwenye mbwa agharamie matibabu ya aliyeumwa bila kusukumwa, hata kama mbwa ni wa kubeba mfukoni. Mimi nimelipa. Sikulipa kwa sababu ya wema, nimelipa kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Wengine watasema natwisha maskini mzigo. Ila aliyeumwa naye ni maskini, tena hakuchagua kufuga. Kama huwezi kumlisha, kumfunza na kumchanja mbwa, usipokee mbwa hata akiwa wa bure na mzuri kiasi gani. Na anayegawa watoto wa mbwa kwenye boksi aulize kwanza wanakwenda kwa nani.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi chanjo hutolewa kipindi hicho. Muulize afisa mifugo wa kata yako lini anafika kwenu. Ukisikia tarehe, mfunge mbwa wako kamba asubuhi na mapema uje naye, usimtume mtoto mdogo.

Binti anaendelea vizuri, amemaliza sindano zake. Maziwa bado analeta, ila anaita akiwa barabarani na hasogei mpaka mtu atoke. Kila asubuhi nikisikia sauti ile natoka mwenyewe kuyapokea.