Mwamba ngoma gizani: mashirika yanapojiandikia wasifu katika Wikipedia

WAHENGA walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Hakuna anayemlaumu kwa hilo iwapo watazamaji wanaiona mikono yake na wanajua ngoma ni ya nani. Lawama huanza pale anapoiwamba gizani, kisha asubuhi akaileta uwanjani na kudai kwamba imewambwa na kijiji kizima.

Hilo ndilo tatizo lililoiandama Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti, karibu tangu kuzaliwa kwake. Kamusi hiyo ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani Jimmy Wales na Larry Sanger, na ile ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Msingi wake ni mmoja: mtu yeyote anaweza kuandika makala au kuirekebisha iliyokwisha kuandikwa. Kwa kuwa makala hazitiwi saini chini ya kichwa cha habari, msomaji huzichukulia kama maneno ya shahidi asiye na upande. Imani hiyo ndiyo mali kubwa ya Wikipedia, na ndiyo inayowavutia wenye hamu ya kusafisha majina yao.

Katika siasa zetu, dhana ya mgongano wa maslahi si ngeni. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu mwaka 1995, na Kenya ilipitisha sheria mahsusi ya mgongano wa maslahi mwaka 2025. Sheria za namna hii hazisemi kwamba kiongozi mwenye hisa katika kampuni ni mwizi. Zinasema kwamba maslahi yake yajulikane, na kwamba asikae katika kiti cha uamuzi pale jambo linapomgusa. Mantiki hiyo hiyo inaihusu kamusi elezo. Anayeandika habari za mwajiri wake anaweza kuwa mkweli kabisa. Lakini msomaji ana haki ya kujua ni nani anayezungumza naye.

Itakumbukwa kwamba kisa kimojawapo cha mwanzo kilichozusha mjadala mkubwa kilitokea nchini Marekani. Januari 2006, gazeti la The Sun la mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, liliripoti kuwa wasaidizi wa Marty Meehan, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, walikuwa wamebadilisha makala yake katika Wikipedia. Meehan alipogombea mwaka 1992 aliahidi kutumikia vipindi vinne tu, kisha akaendelea kubaki. Habari za ahadi hiyo ziliondolewa, na mahali pake ukawekwa wasifu ulioandaliwa na ofisi yake. Uchunguzi wa wahariri wa Wikipedia ulibaini mabadiliko mengine mengi kutoka katika kompyuta za Bunge hilo, na kwa muda zikazuiwa kuhariri.

Tuzingatie kilichofutwa. Hakikuwa uongo wala tusi, bali ahadi ambayo mpiga kura alikuwa na haki ya kuikumbuka.

Mwaka uliofuata, pazia lilifunguka zaidi. Agosti 2007, Virgil Griffith, mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya California, alitoa programu aliyoiita WikiScanner. Programu hiyo ilitumia jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani: asiyejiandikisha katika Wikipedia alikuwa akiacha nyuma anwani ya kompyuta yake katika intaneti, na anwani hizo zina wenyewe wanaojulikana. Griffith alilinganisha mabadiliko zaidi ya milioni 34 na orodha ya wamiliki wa anwani hizo, na kila mwenye kompyuta akaweza kutazama taasisi gani imegusa makala ipi.

Matokeo yalitia aibu wengi. Kutoka anwani ya Diebold, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za kupigia kura, mnamo Novemba 2005 zilifutwa aya nyingi zilizoeleza hofu za wataalamu juu ya usalama wa mashine hizo, pamoja na habari za mkuu wa kampuni hiyo kumchangishia fedha Rais George W. Bush. Mhariri mwingine alizirejesha upesi. Kutoka anwani ya ExxonMobil, makala juu ya meli ya Exxon Valdez, iliyomwaga mafuta katika bahari ya Alaska mwaka 1989, ilibadilishwa kwa namna iliyopunguza uzito wa madhara yake kwa viumbe wa huko.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuwe waangalifu. Anwani hutuonyesha nyumba, haituonyeshi ni nani ndani ya nyumba aliyeshika kalamu, wala kama alitumwa na mkubwa wake. Aidha, si kila kinachoandikwa ofisini ni mgongano wa maslahi. Oktoba 2007 Wizara ya Kilimo ya Japani iliwakaripia maofisa wake sita baada ya kugundulika kwamba walifanya mabadiliko 408 katika Wikipedia, 260 kati ya hayo yakihusu Gundam, katuni ya maroboti. Hao waliiba muda wa serikali, lakini hawakuilinda wizara yao kwa kuandika habari za maroboti.

Uzito wa suala hili huonekana vizuri zaidi pale ambapo neno moja linabeba uhai wa mtu. Eric Garner, Mmarekani mweusi, alifariki dunia Julai 2014 jijini New York baada ya kukabwa shingo na askari. Machi 2015 iliripotiwa kwamba kompyuta za polisi wa jiji hilo zilikuwa zimetumika kubadilisha makala ya kifo hicho. Mahali pamoja, neno lenye maana ya kabali liliondolewa na badala yake yakawekwa maneno yenye maana ya shida ya kupumua. Polisi walisema askari wawili wametambuliwa kuwa ndio waliohusika. Kabali hufanywa na mtu. Shida ya kupumua humpata mtu. Badiliko la neno hilo lilimwondoa mtendaji katika sentensi, na hilo ndilo swali lililokuwa likibishaniwa mitaani na mahakamani.

Zaidi ya wafanyakazi wanaojipendelea, wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa malipo. Desemba 2011, waandishi wa habari wa Uingereza walifichua kwamba kampuni ya uhusiano na umma ya Bell Pottinger ilikuwa ikibadilisha makala za wateja wake kwa kutumia akaunti zilizoficha asili yao, na Wikipedia ikazisimamisha akaunti kadhaa. Kampuni hiyo hiyo ilikuja kuanguka Septemba 2017, baada ya kashfa ya kampeni yake nchini Afrika Kusini kwa niaba ya kampuni ya familia ya Gupta, kampeni iliyoshutumiwa kwa kuchochea chuki za rangi. Mwaka 2013, kampuni ya Marekani iitwayo Wiki-PR ilipigwa marufuku baada ya uchunguzi uliohusisha akaunti bandia zaidi ya 250.

Je, ina maana kwamba shirika likae kimya hata linapozuliwa? La hasha. Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 2005, makala ya mwanahabari John Seigenthaler ilidai kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya Rais John F. Kennedy na ndugu yake Robert. Uongo huo ulikaa kwa zaidi ya miezi minne. Mwaka 2012, mwandishi Philip Roth alilalamika kuwa Wikipedia ilieleza vibaya chanzo cha riwaya yake ya The Human Stain, na kwamba alipotaka isahihishwe aliambiwa inahitajika rejea nyingine mbali na yeye. Alilazimika kuchapisha barua ya wazi katika jarida la The New Yorker. Mwenye kuchafuliwa jina anapoona mlango wa mbele hauna wa kuufungua, kishawishi cha kupita dirishani ni kikubwa.

Lakini tazama alichofanya Roth. Alisema kwa jina lake, mbele ya hadhara, na makala ikarekebishwa kwa kuzingatia maelezo yake. Hapo ndipo ulipo mstari unaotenganisha haki na hila. Ubaya hauko katika kujisemea, bali katika kujisemea kwa sauti ya mtu mwingine.

Kanuni za Wikipedia zimejengwa juu ya mstari huo. Mwenye maslahi anashauriwa asiiguse makala yenyewe, bali aeleze hoja yake na kutoa ushahidi katika ukurasa wa majadiliano ulioambatana nayo, ili mhariri asiyefungamana naye aamue. Tangu Juni 2014, masharti ya matumizi yanamtaka kila anayelipwa kuhariri amtaje mwajiri wake, mteja wake na uhusiano wake na jambo husika. Mwezi huo huo, makampuni 11 makubwa ya uhusiano na umma yalitoa tamko la kuahidi kuzifuata kanuni hizo. Nchini Ujerumani mahakama nazo zimetia mguu: mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Munich iliamua kwamba kampuni iliyoandika katika Wikipedia kwa manufaa ya biashara yake ilifanya tangazo la kificho, kinyume cha sheria ya ushindani wa haki.

Pamoja na hayo, kanuni peke yake haimzuii mwenye nia mbaya. Agosti 2015, Wikipedia ya Kiingereza ilifungia akaunti 381 za mtandao mmoja uliokuwa ukiwadai wafanyabiashara na watu binafsi fedha ili makala zao zichapishwe na kulindwa. Na tangu mwaka 2025, Wikipedia ya Kiingereza na nyingine kadhaa zimeanza kuwapa wasiojiandikisha akaunti za muda zinazoficha anwani zao machoni pa umma. Hatua hiyo inalinda faragha na usalama wa wahariri wengi wanyonge, na ni ya haki. Lakini ina gharama: mwananchi wa kawaida hawezi tena kufanya alichofanya Griffith, na kazi hiyo imebaki kwa wahariri waliopewa dhamana.

Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Makala yenye wasomaji wengi ina macho mengi ya kuilinda. Aya za Diebold zilirudi upesi kwa sababu kulikuwa na aliyekuwa akitazama. Wikipedia ya Kiswahili ina wahariri wachache mno wakilinganishwa na wale wa Kiingereza, na wengi hujitolea baada ya kazi zao za kutwa. Makala ya kampuni, wizara au mwanasiasa wa kwetu inaweza kukaa na sifa za kujipaka kwa miaka bila kuulizwa. Isitoshe, leo makala hizo zinasomwa pia na mitambo ya akili bandia, ambayo hujifunza kutokana nazo na kutoa majibu bila kumwonyesha muulizaji historia ya ukurasa. Sifa iliyopenyezwa inaweza kurudi kama jibu lisilo na mwandishi.

Kwa mantiki hiyo, taasisi zetu za umma na za binafsi zingefanya vema kuwa na agizo fupi kwa watumishi wake: jitambulisheni, tumieni ukurasa wa majadiliano, msifute msichokipenda. Vyombo vya habari navyo vina wajibu, kwa kuwa mhariri wa kamusi elezo hawezi kuandika ambacho hakuna mwandishi wa habari aliyekichunguza na kukichapisha.

Na msomaji? Juu ya kila makala ya Wikipedia kuna sehemu ya historia inayoonyesha kila badiliko, tarehe yake na jina au namba ya aliyelifanya. Wachache huifungua. Anayetaka kujua kilichofutwa, na si kilichobaki tu, aanzie hapo.