Bakteria walio hai si bandia

Mwaka 2016 timu ya Jeffrey Gordon, wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, ilitoa katika jarida la Cell utafiti unaotuhusu na sisi wa lugha. Walichukua bakteria kutoka kinyesi cha mtoto wa Malawi wa miezi sita aliyedumaa, wakawakuza maabarani, kisha wakaunda jamii ambayo kila mkazi wake anajulikana. Jamii hiyo waliipandikiza kwa panya waliolelewa bila bakteria wowote, wakawalisha chakula kama cha Malawi: mahindi, maharagwe, mboga. Panya walioongezewa sukari fulani za maziwa walikua vizuri zaidi. Wale wasio na bakteria walipewa sukari zilezile, na hazikuwasaidia kitu.

Kwa Kifaransa jamii kama hiyo huitwa “synthétique”. Tafsiri inayotangulia mdomoni ni “bandia”. Mimi naipinga. Kwetu noti bandia ni noti ya uongo, na dawa bandia huua. Bakteria wale ni hai, na walitoka tumboni mwa mtoto halisi. Kazi ya binadamu ilikuwa kuchagua nani aingie na nani abaki nje. Basi tuseme “jamii teule ya bakteria”.

Kuna atakayesema huo ni ugomvi wa wasomi. Lakini fikiria mama wa Katuba au Ruashi anayeelezwa kwamba tiba ya mwanawe imetokana na “mikrobi bandia”. Mikrobi kwake tayari ni uchafu na ugonjwa. Ukiongeza bandia, atambeba mtoto wake na kwenda zake. Nani atamlaumu?

Akina mama wana maneno yao, na sayansi imewahi kuyahitaji. Daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika katika The Lancet mwaka 1935 kuhusu kwashiorkor. Jina hilo alilipata katika Kiga: ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Ndani ya neno mlikuwa na chanzo chenyewe, mtoto kuachishwa ziwa na kubaki na uji mtupu. Kivu nao wana neno lao, bwaki.

Kwa hiyo kitivo chetu kisingoje kuletewa karatasi za kutafsiri utafiti ukishakwisha. Twende kwenye vituo vya afya siku za kupima uzito wa watoto, tusikilize mama anasemaje kuhusu tumbo la mtoto, maziwa na kudumaa, kwa Kiswahili cha hapa, Kiluba na Kibemba. Halafu tuwapelekee wenzetu wa kitivo cha tiba orodha ya maneno ambayo akina mama wenyewe wameyasikia na kuyakubali. Naomba walimu wetu waihesabu kazi hiyo kuwa mada halali ya kumaliza masomo.