Fedha za Kaka Zetu: PlayStation, Sinema au Kompyuta?



Muhula uliopita tulipata habari njema kutoka kwa wanafunzi wa zamani wa shule hii. Walikuwa wamechanga fedha kwa ajili yetu, nao walituachia sisi wenyewe tuseme zinunuliwe kitu gani, mradi kiwe ni katika mitambo ya siku hizi. Jibu letu latakiwa kabla ya muhula huu kwisha. Basi Jumamosi moja tulikutana bwaloni kwa majadiliano, nayo yalikuwa makali hata Padri aliyekuwa mwenyekiti akapiga kengele mara tatu. Kundi la kwanza lilitaka PlayStation 5. La pili lilitaka projekta na kitambaa cheupe cha kuonyeshea sinema. La tatu, ambalo lilikuwa dogo, lilitaka kompyuta za maabara zitengenezwe.

Mimi nilisema upande wa PlayStation. Nilisema vizuri, nikapigiwa makofi mengi. Lakini wazee walinena ya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami naona siku ile nililitia maji. Naandika hapa kusema ya kuwa nimegeuza maoni yangu, na kueleza kwa nini.

Jumatatu yake niliketi na penseli nikapiga hesabu. Sisi tu wavulana 400. Nafasi ya kucheza ni Jumamosi baada ya usafi, saa tatu hivi. Mchezo mmoja wa mpira wachukua dakika 12, na wanaocheza ni wawili. Kwa saa tatu ni michezo 15, yaani watu 30. Kila mmoja wetu angengoja Jumamosi 13 na zaidi apate zamu moja, na muhula wenyewe ni kama wiki hizo hizo. Dakika 12 kwa muhula! Tena hiyo ni hesabu ya haki. Ninyi wa mwaka wa kwanza mwajua vema ni nani wangeshika pedi na nani wangesimama nyuma wakitazama.

Mtu asidhani ya kuwa nachukia gemu. Nimekulia Nyamirambo, na Kiswahili hiki nakiandika kwa sababu ya majirani zetu wa Biryogo, ambao walikuwa wakikisema kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Karibu na kwetu palikuwa na chumba chenye PlayStation 2 mbili na televisheni zilizochakaa. Tulilipa kwa mchezo mmoja mmoja, na aliyefungwa alimpisha mwenzake. Mashine ile ilianza kuuzwa mwaka 2000, nayo imeuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Kwa nguvu si kitu leo: kumbukumbu yake ni megabaiti 32 tu, na simu ya mkononi iliyo duni kabisa yaishinda. Lakini ilidumu chumbani mle miaka mingi kwa sababu fundi wa mtaani aliweza kuifungua, kuipangusa vumbi, na kuirekebisha jicho la kusomea diski. Na diski tuliazimana, kama watu waazimanavyo vitabu.

PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 ilikuja kwa namna mbili, na moja haina mahali pa kutia diski kabisa. Gemu zake hununuliwa kwa intaneti na kukaa katika akaunti ya mwenyewe. Ni mashine ya ajabu kwa uzuri wa picha, sikatai. Ila tujiulize: shule itafanya nini na kitu ambacho hawezi kukifungua yeyote kati yetu, kinachotaka intaneti kuliko tuliyo nayo, na ambacho, kikiwa hakina mahali pa diski, gemu yake haiwezi kuazimwa?

Sasa tuje maabarani. Tuna kompyuta 30, zote zikitumia Windows 10, programu iliyotolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuipa marekebisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kuongezewa muda. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haipokei kila kompyuta. Yataka kitu kiitwacho TPM 2.0, ambacho kazi yake ni kutunza funguo za siri. Na kama prosesa ni ya Intel, yaitaka iwe ya kizazi cha nane au zaidi, na kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017. Tulizipima zote. Zilizokubaliwa ni 8. Zilizokataliwa ni 22.

Wapo waliosema bwaloni, “Basi hizo 22 ni takataka.” Neno hilo ndilo lililonichoma baadaye. Kompyuta hizo zinawaka. Zinaandika. Kioo ni kizima, kibodi ni nzima. Tuzitupe kwa sababu tarehe moja ya kalenda imepita?

Iko njia nyingine, nayo ni Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mwenye miaka 21. Miaka miwili tu kunizidi mimi! Aliitoa kazi yake iweze kusomwa na kubadilishwa na kila mtu, na leo kiini hicho cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android iliyofichwa chini ya mito yetu bwenini. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Linux aliyoiita Ubuntu. Hapa kwetu hatuhitaji kufasiriwa jina hilo, maana kwa Kinyarwanda kitu kikitolewa bila malipo twasema kimetolewa ku buntu. Kwa mashine zetu zenye gigabaiti 4 za kumbukumbu Ubuntu ya kawaida ni nzito kidogo, lakini ndugu yake mwepesi, Xubuntu, yatosha. Tukiondoa pia diski kuu za zamani na kutia zile za SSD, mashine inayowaka kwa dakika nne itawaka kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati. Nimeuliza bei mjini: kwa thamani ya PlayStation 5 moja twapata SSD zaidi ya kumi.

Nataka kusema wazi ya kuwa Linux si dawa ya kila ugonjwa. Na hapa lazima nikiri kosa langu. Likizo ya Desemba nilipewa ruhusa kujaribu Xubuntu katika kompyuta moja. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha ujuzi, nikaifuta diski yote bila kunakili yaliyokuwamo. Humo ndimo mwenzangu wa mwaka wa tano alimokuwa ameweka insha yake ya historia, kazi ya wiki sita. Hakunitukana. Alikaa kimya, nami ningaliona afadhali kutukanwa. Aliiandika upya kwa mkono, nami nikampigia chapa usiku kwa usiku mpaka ikaisha. Tangu siku ile nina sheria moja: nakili kwanza, futa baadaye. Tena barua iliyoandikwa kwa Word, ukiifungua kwa LibreOffice, wakati mwingine mistari huhama mahali pake. Na ziko programu za walimu ambazo hazikubali Linux hata kidogo. Kwa sababu hiyo nasema zile 8 zilizokubaliwa zipewe Windows 11, zitumiwe kwa kazi hizo. Zile 22 ziwe za Linux.

Labda mtu ataniambia, “Wewe wapenda tu kufungua-fungua mashine, wengine twataka kuzitumia.” Nitamjibu kwa habari ya kompyuta yangu ya kwanza. Mwaka 2008 Rwanda iliingia katika mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta, na zaidi ya laki mbili za zile ndogo za kijani na nyeupe ziitwazo XO zikagawanywa katika shule za msingi. Wengi wetu tulizigusa. Waliozibuni walikuwa wamefikiri kitu kizuri sana: ndani ya mkono wa kubebea waliweka skrubu za akiba, ili mtoto aweze kuifungua na kuitengeneza. Na kwenye kibodi kilikuwako kitufe cha kukuonyesha maandishi ya programu yenyewe, yaliyoandikwa kwa lugha ya Python. Lakini katika shule niliyosoma mimi, nyingi zilikaa kabatini zimefungiwa kwa kufuli, tusije tukaziharibu. Skrubu za akiba zilizeekea ndani ya kabati. Kompyuta ambayo mtoto hathubutu kuigusa haimfundishi kitu; kwake ni sawa na sanduku. Wakati ule hatukupewa bisibisi. Sasa tu wakubwa, tuishike.

Na gemu? Zitakuwapo. Ziko gemu za Linux zisizolipiwa, kama SuperTuxKart ya mbio za magari na 0 A.D. ya vita vya kale, nazo zaweza kuchezwa na wengi pamoja. Tena nina habari. Mimi na wenzangu wawili tunaandika gemu ya igisoro kwa Python: mashimo 32, kete 64, kama bao la pwani, ingawa sheria zake ni mbali. Bado ina makosa. Juzi ilimpa mchezaji mmoja kete 65, tukacheka mpaka taa zikazimwa. Lakini kuitafuta hiyo kete moja iliyozidi kumenifundisha kuliko mabao yote niliyofunga Nyamirambo.

Nimalize na sinema, maana kundi lile la projekta nililidhihaki bwaloni, nalo lilikuwa na haki. Nilikwenda siku moja Century Cinema, katika jengo la Kigali City Tower. Kioo kikubwa, sauti inayotikisa kifua, na watu wasiojuana wakashtuka kwa pamoja kama mtu mmoja. Si sawa na kutazama peke yako kwenye simu, nyaya masikioni, kama tufanyavyo sisi bwenini, wavulana kumi vitandani na filamu kumi mbalimbali. Mwaka 2005 Eric Kabera alianzisha Tamasha la Filamu la Rwanda, na likawa likipeleka filamu mpaka vijijini kwa kioo cha kujazwa upepo. Waliipa jina Hillywood kwa ajili ya vilima vyetu. Walielewa ya kuwa filamu yataka umati.

Walimu wengine hudharau agasobanuye, zile filamu za kigeni ambazo msimulizi huzieleza kwa Kinyarwanda juu ya sauti ya wachezaji. Mimi siwaungi mkono. Marehemu Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga, aliwafanya watu wasiojua neno la Kiingereza wakafuata filamu tangu mwanzo mpaka mwisho. Uganda wanao ma-VJ wao, Kenya wana DJ Afro, na Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyesimulia kwa Kiswahili. Huo ni ufundi. Kosa lililopo ni nakala zinazotengenezwa bila ruhusa ya wenye filamu, nalo ni kosa kweli. Sisi twaweza kuliepuka: tuchukue filamu za kale zisizo na sauti, kama zile za Buster Keaton ambazo hakimiliki zake zimekwisha, na wanachama wa Chama cha Kiswahili wazisimulie mbele ya shule nzima, mmoja mmoja kwa zamu. Mtajifunza Kiswahili zaidi kwa jioni moja ya namna hiyo kuliko kwa ngeli za mwezi mzima.

Basi ushauri wangu ni huu. Kwanza, fedha zinunue SSD na kumbukumbu za kuongezea, kompyuta 22 zikatiwe Linux na wanafunzi wenyewe, wakisimamiwa na mwalimu, baada ya kunakili kila kitu. Pili, inunuliwe projekta moja ya wastani; kitambaa tutakishona wenyewe. Tatu, PlayStation tuiache. Atakayeitaka ataikuta mjini.

Kwenu, kaka zetu mliotutangulia, nina ombi moja zaidi ya fedha. Baadhi yenu ni mafundi wa kompyuta. Njoni Jumamosi moja, mlete na bisibisi zenu, mtusimamie tunapofungua mashine ya kwanza. Tutawapikia chai.

Na kwenu mnaobaki: mimi mwezi wa Julai nitafanya mtihani wa taifa na kuondoka, kwa hiyo chochote kitakachonunuliwa sitakitumia. Nililolitetea bwaloni nililitetea kwa ajili ya vidole vyangu. Kura itapigwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nawaomba wale walionipigia makofi siku ile wasinifuate tena pale nilipokuwa nimesimama.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita
Kigali